Rimu pana chini ya gari dogo lililoshushwa: milimita zinakwenda wapi

Ukiambiwa kwamba rimu za inchi 8 "zinaingia" kwenye gari fulani dogo, bado hujaambiwa kitu. Zinaingia gari likiwa limeegeshwa, magurudumu yamenyooka na ndani hakuna mtu? Au zinaingia likiwa na watu wanne, usukani umekatwa mpaka mwisho na gurudumu la mbele limetumbukia kwenye shimo? Picha nyingi za magari yaliyoshushwa zinajibu swali la kwanza tu. Ndiyo maana mtu hununua rimu zile zile alizoziona pichani, akazifunga kwenye gari la aina ile ile, na safari ya kwanza akasikia mpira ukikwaruza bati kila anapokata kona.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kinachovuruga watu ni kwamba mambo kadhaa yanasukumana kwa wakati mmoja: upana wa rimu, ofseti, umbo la tairi, kimo cha gari, mlalo wa gurudumu, na ile nafasi ambayo kiwanda kiliiacha kati ya shokabsoba na fenda. Nafasi hiyo haiongezeki kwa kutamani. Kila milimita unayoiongeza kwenye rimu itaelekea upande wa shokabsoba au upande wa fenda, na kazi yote ni kujua imekwenda upande gani na itakutana na nini huko.

Tuanze na maandishi ya kwenye rimu. Tuseme yanasomeka 15x8 ET25 4x100; hiyo 4x100 tutaifikia kwenye sehemu ya kufungia. Inchi 15 ni kipenyo, inchi 8 ni upana. Lakini upana huo haupimwi kutoka mdomo hadi mdomo. Unapimwa kati ya sehemu mbili za ndani ambapo kingo za tairi zinakaa. Rimu ya 8 ukiiwekea futi kamba kwa nje itakaribia inchi 9, na watu hupimia hapo wakadhani wameuziwa kitu kingine. ET ndiyo ofseti: umbali kwa milimita kati ya mstari unaogawa upana wa rimu katikati na uso unaogusa habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungiwa. Namba ikiwa kubwa, rimu inajificha ndani ya fenda. Ikishuka kuelekea sifuri, inatoka nje. Ikiwa hasi, sehemu kubwa ya rimu iko nje ya habu, na hapo ndipo unapopata zile rimu zenye kina kama bakuli ambazo kila mtu anazitamani.

Sasa chukua gari dogo lililotoka kiwandani na rimu za 14x5.5 ET45. Mwenyewe anataka 15x8 ET25. Upana umeongezeka kwa inchi 2.5, yaani milimita 63.5. Gawa kwa mbili: kila upande umepata kama milimita 32. Ofseti nayo imeshuka kutoka 45 hadi 25, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje kwa milimita 20. Upande wa nje ni 32 jumlisha 20, jumla 52. Upande wa ndani ni 32 toa 20, jumla 12. Ukingo wa nje umesogea zaidi ya sentimita tano kuelekea fenda, na wa ndani umesogea zaidi ya sentimita moja kuelekea shokabsoba.

Angesema abaki na ET45 ili rimu isitoke nje? Basi kila upande unapata 32, na upande wa ndani wa magari mengi madogo hauna milimita 32 za kutoa. Rimu itagusa shokabsoba au kikalio cha springi kabla hata nati hazijakaza. Angechagua 15x7 ET35? Nje 29, ndani 9. Kwangu mimi hapo ndipo pazuri pa gari dogo linaloendeshwa kila siku: linaonekana limejaa, na kazi ya fenda inabaki ndogo au haipo kabisa. Inchi 8 na kuendelea ni mradi. Si vibaya, ila aliyeanza ajue kwamba ameanza mradi, hajanunua rimu tu.

Kabla ya kuagiza chochote, shusha gari kwanza. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu rimu ndizo zinazovutia na springi hazionekani. Lakini vipimo vya gari lililo juu havitumiki kwa gari lililo chini. Likishuka milimita 50, tairi linapanda milimita 50 ndani ya tao la fenda, na tao si bomba lililonyooka: huko juu kuna mkunjo wa bati, kuna plastiki ya kuzuia matope, kuna waya na bolti za bampa. Tena zile milimita 50 zimekatwa kwenye safari ya shokabsoba. Usipotumia shokabsoba fupi zilizotengenezwa kwa kimo hicho, gari litakuwa linatua juu ya mpira wa kikomo, ule unaoizuia shokabsoba isifike mwisho, kwenye kila tuta.

Njia ya mkato inayojulikana ni kukata springi. Inashusha kweli, na inafanya springi iwe ngumu zaidi kwa sababu mizunguko iliyobaki ni michache. Tatizo linakuja gari likipigwa jeki au gurudumu likining'inia: springi iliyokatwa ni fupi kuliko nafasi yake, inalegea, na inaweza kuhama kwenye kikalio. Likirudi chini huku springi imekaa upande, mengine usitake kuyaona. Springi fupi za kiwandani huwa zimepangwa ili zibaki zimebanwa hata shokabsoba ikiwa imenyooka yote. Shokabsoba zenye uzi wa kurekebisha kimo ni bora zaidi kwa kazi hii, kwa sababu zinakuruhusu kutafuta kimo kwa milimita, na nyingi zina springi nyembamba inayoacha nafasi zaidi upande wa ndani wa gurudumu.

Kushusha kunabadilisha pia namna gurudumu linavyosimama. Mlalo wa gurudumu, ambao mafundi huuita kemba, ni pembe kati ya gurudumu na mstari wima. Kemba hasi maana yake sehemu ya juu imeingia ndani. Kwenye magari mengi madogo mbele kuna shokabsoba iliyosimama kama sehemu ya muundo, na chini kuna mkono mmoja. Ukishusha kidogo, kemba inaongezeka kuelekea hasi, jambo linalosaidia fenda. Ukiendelea kushusha, mkono wa chini unapita usawa na kuanza kuelekea juu, na kutoka hapo kila milimita ya ziada inapunguza kemba badala ya kuiongeza. Gari liko chini sana lakini gurudumu linasimama wima kuliko ulivyotarajia, na usukani nao unaanza kuvutwavutwa kwenye mabonde kwa sababu tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu usukani unapokatwa, haziko tena kwenye pembe zilizopangiwa. Magari ya Honda Civic ya miaka ya 1990 ni tofauti: yana mikono miwili kila gurudumu, na kadiri yanavyoshuka kemba inaongezeka kwa kasi. Nyuma ya magari mengi madogo kuna bimu moja inayounganisha magurudumu mawili. Hiyo ukiishusha magurudumu yote kwa pamoja, kemba karibu haibadiliki. Ukitaka kulaza magurudumu ya nyuma ya gari la bimu, unahitaji vibati vya pembe kati ya bimu na habu.

Kemba inasaidia kiasi gani? Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 580 hivi, kila digrii moja inavuta ncha ya juu ndani kwa kama milimita 5 ukilinganisha na katikati ya habu. Digrii tatu ni milimita 15. Si haba, lakini kumbuka tunashughulika na 52. Na kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: namna ulivyoipata hiyo kemba ina maana kubwa. Ukiipata juu, kwa kibao kinachosogeza kichwa cha shokabsoba kuelekea injini, shokabsoba nzima inalala pamoja na gurudumu na nafasi kati yao haibadiliki. Ukiipata chini, kwa bolti zinazoshika shokabsoba na kiungo cha gurudumu, gurudumu linalala peke yake na kuisogelea shokabsoba. Umeokoa fenda, umekula nafasi ya ndani, ambayo tayari ilikuwa imepungua milimita 12.

Tuje kwenye tairi, maana rimu bila tairi haigusi fenda. Kwenye rimu nyembamba ya kiwandani tairi linatokeza nje ya mdomo wa rimu. Kwenye rimu pana yenye tairi jembamba ni kinyume: mdomo wa rimu ndio uliotangulia nje, na kuta za tairi zinalala kuelekea ndani zikipanda juu. Hili ndilo tairi lililovutwa. Watu hulipenda kwa sura yake, lakini asili ya manufaa yake ni ya kihesabu: bega la tairi, ambalo ndilo linalokutana na ukingo wa fenda, limerudi ndani, na gari linaweza kukaa chini zaidi bila kugusa.

Bei ya hilo ipo, na haielezwi vya kutosha. Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu iliopangiwa. 195/50R15, yaani tairi lenye upana wa milimita 195, ukuta wenye kimo cha asilimia 50 ya upana huo, na rimu ya inchi 15, limepangiwa rimu yenye upana kati ya inchi 5.5 na 7. 195/45R15 linafika 7.5. Ukilivuta kwenye rimu ya 8 umetoka nje ya vipimo vya mtengenezaji, na kwenye 9 umetoka kabisa. Ukingo wa tairi haukai tena kwenye rimu kwa pembe uliyotengenezewa, ukuta hauna tena unene wa kumeza shimo, na mdomo wa rimu uko wazi kupokea pigo la kwanza. Tairi lililovutwa sana likiendeshwa na upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye rimu katika kona. Kuvuta kidogo, nusu inchi ndani ya kile kinachoruhusiwa, ni mtindo. Kuvuta mpaka fundi atumie gesi na kiberiti kulipandisha tairi ni dalili kwamba saizi hiyo haikutakiwa hapo.

Halafu kuna uzito, ambao hauonekani pichani. Namba inayofuata saizi ya tairi ni kipimo cha mzigo: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 78 ni kilo 425, 73 ni kilo 365. Gari lililokuja na 175/65R14 lenye 82 likavishwa 165/50R15 lenye 73 limepoteza kilo 110 kwa kila gurudumu. Linganisha na uzito wa juu wa kila ekseli ulioandikwa kwenye kibati cha gari, usilinganishe na uzito wa gari tupu, kwa sababu siku ya harusi watapanda watu watano na mizigo.

Kipenyo nacho: 175/65R14 ni kama milimita 583 na 195/50R15 ni 576, tofauti ya asilimia 1 hivi ambayo huihisi. 195/45R15 inashuka hadi 556. Kipimo cha mwendo kitaonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli, injini itazunguka zaidi kwa kasi ile ile, na gari litakuwa limeshuka kwa sentimita nyingine moja na zaidi. Wanaotaka gari liwe chini hufurahia hilo mpaka siku sufuria ya oili inapokutana na tuta.

Upande wa nje, kama hesabu imekataa, kinachobaki ni fenda yenyewe. Ukingo wa ndani wa tao una bati lililokunjwa kuelekea gurudumu, na huo ndio wembe unaokata matairi. Bati hilo hulazwa kwa mashine ya rola inayofungwa kwenye habu, huku rangi ikipashwa moto taratibu ili isipasuke. Ukilaza vizuri unapata nafasi ya unene wa mkunjo huo, pengine sentimita moja. Ukivuta fenda nje unapata zaidi, ila hapo rangi huwa inaomba kupakwa upya. Fenda za nyuma ni ngumu zaidi kwa sababu kwa kawaida ni mabati mawili yaliyounganishwa ukingoni. Yakilazwa yakaachiana kidogo, maji yanaingia katikati na kutu inaanza pasipoonekana. Ziba kwa silanti ya bodi siku ile ile. Njia ya zamani ni kufunga vipanuzi juu ya fenda. Mini ya mwaka 1959 ilikuwa na rimu za inchi 10 tu, na walioifanyia mashindano hawakukaa muda mrefu kabla ya kuanza kuifungia vipanuzi.

Hata sheria zinaangalia hapo hapo. Ulaya, mkanda wa tairi, ile sehemu inayokanyaga barabara, unatakiwa ufunikwe na bodi kwenye eneo la digrii 30 mbele na digrii 50 nyuma ya mstari wima unaopita katikati ya gurudumu. Japani ilikuwa na kanuni ya eneo hilo hilo, na mwaka 2017 ikalegeza ili ukuta wa tairi uweze kutokeza chini ya milimita 10. Unapoangalia fenda zako, angalia eneo hilo kwanza.

Sehemu ya kufungia haisamehe kabisa. 4x100 maana yake ni matundu manne kwenye duara la milimita 100. Kuna 4x98 kwenye Fiat, kuna 4x101.6 kwenye Mini ya zamani, kuna 4x108 kwenye Ford na Peugeot nyingi. Rimu ya 4x100 ukiilazimisha kwenye habu ya 4x98 itaingia, bolti zitakaza, na kila bolti itakuwa imepindishwa milimita moja. Inatikisika ikifika kasi fulani, kisha siku moja bolti inakatika. Tundu la katikati nalo: Toyota ndogo nyingi ni milimita 54.1, Honda ni 56.1, Volkswagen ni 57.1. Rimu za dukani hutobolewa kubwa ili zifae magari mengi, na pengo linalobaki linahitaji pete inayolingana, la sivyo rimu inakaa kwa kubahatisha.

Nati usizidharau. Uzi wa M12x1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kati ya mzunguko mmoja na mwingine, uko kwenye Toyota na Honda. Nissan na Suzuki nyingi wanatumia M12x1.25, na zinafanana kwa macho. Rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye koni ya digrii 60, wakati Honda kutoka kiwandani hutumia nati yenye tako la mviringo kama mpira. Nati ya mviringo kwenye kikalio cha koni inagusa kwenye mstari mwembamba tu. Utaikaza leo, kesho imelegea.

Spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, sioni kama ni dhambi. Iliyochongwa ikakaa sawasawa kwenye habu na kuibeba rimu katikati yake ni sawa na kupunguza ofseti, basi. Kinachoua ni spesa nyembamba iliyowekwa bila kubadilisha stadi, zile nondo zenye uzi zinazotoka kwenye habu, nati ikabaki imeshika mizunguko mitatu. Kwa stadi ya M12 tafuta angalau mizunguko minane kwa uzi wa 1.5. Na spesa nene zenye stadi zake zenyewe zikague nyuma ya rimu: stadi za awali zisitokeze zikaizuia rimu kukaa.

Ukimaliza haya yote gari litakuwa tofauti mkononi. Gurudumu lililosogezwa nje linaongeza umbali kati ya katikati ya tairi na sehemu ambayo mhimili wa usukani unagusa ardhi. Usukani unakuwa mzito ukiwa umesimama, unafuata mifereji ya barabara, na ukifunga breki huku tairi moja liko kwenye mchanga, gari linavutwa upande. Watengenezaji wa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele walikipunguza kipimo hicho kwa makusudi. Audi 80 ya mwaka 1972 ilikifanya kiwe hasi ili breki zisilipindishe gari. Rimu yenye ofseti ndogo inaifuta kazi hiyo. Beringi nazo zinabeba mzigo kwa wenzo mrefu zaidi, kwa hiyo zitaisha mapema. Zitaanza kuvuma, utazibadilisha.

Namna ya kupima kwa uhakika ni hii. Gari likiwa kwenye kimo chake cha mwisho, liweke juu ya stendi imara, toa springi upande mmoja, rudisha shokabsoba bila springi, funga gurudumu la kiwandani. Kisha panda nalo kwa jeki taratibu mpaka mpira wa kikomo uguse, na kwenye kila kituo kata usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Pima pengo la ndani na la nje kwenye kila hali na andika lile dogo kuliko yote. Hizo ndizo namba zako. Toa milimita 5 kila upande, kwa sababu bushi za mpira zinajinyonga gari likiwa kwenye kona, kisha rudi kwenye hesabu ya 32 na 20. Nyuma usiinue upande mmoja tu wala pande zote tu. Fanya yote mawili, maana bimu inajipinda tofauti.

Baada ya kufunga, kaza nati kwa spana ya kipimo, rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, na peleka gari likapangwe magurudumu kabla matairi hayajaanza kuliwa. Kinachomaliza mpira haraka kwenye magari haya ni magurudumu kuangaliana au kupeana mgongo kuliko kemba yenyewe. Gari lenye digrii tatu na mwelekeo ulionyooka linaweza kutembea sana. Kisha endesha wiki moja, piga gari jeki, na ingia ndani ya tao na tochi. Alama inayong'aa juu kabisa ya bati inasema safari ya shokabsoba ni ndefu mno, ongeza mpira wa kikomo. Alama mbele au nyuma ya tao kwenye plastiki ni usukani, na mara nyingi joto kidogo na kusukuma plastiki vinatosha. Mstari safi kwenye shokabsoba ni ndani, na huo usiuendeshee: spesa ya milimita 3 au 5 yenye stadi ndefu inaumaliza siku hiyo hiyo.